Kalemie: Madoa ya mtoto yanayovimba yakisuguliwa, na fishi iliyobaki kijijini

Kalemie, jimbo la Tanganyika. Mtoto anayejikuna si habari mjini hapa. Chini ya mahema ya turubai, kwenye nyumba za udongo karibu na mto Lukuga, hata kwa wenye nyumba za mabati katikati ya mji, watoto wanajikuna. Kuna upele, kuna vipele vya joto, kuna mbu na kunguni, na surua ikipita kuna surua. Muuguzi anayepokea watoto wengi kwa asubuhi moja huzoea kuandika "upele" kabla mama hajamaliza kueleza, na mara nyingi huwa hajakosea. Katika msongamano huo ndimo unamojificha ugonjwa mmoja adimu wa watoto, kwa kuwa unafanana kidogo na kila kimoja cha hivyo.

Waganga wanauita mastositosi. Kwa watoto wengi unakaa kwenye ngozi tu. Huanza mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka miwili, wengine huzaliwa nao, na kwa wengi wao madoa hupungua au hufifia kabisa wanapokaribia ujana. Mtu anaweza kuuliza, ugonjwa unaojiondokea wenyewe una haja gani ya kutangazwa? Haja ipo katika miaka ile ya katikati. Ndipo mtoto anapopewa dawa isiyomfaa, anaposuguliwa majani, anapotengwa na wenzake, au anapoanguka ghafla baada ya kuumwa na nyuki na waliomzunguka wasijue la kufanya. Halafu tiba yake, zaidi ya magonjwa mengi ya ngozi, inategemea historia ya mtoto iliyoandikwa. Hicho ndicho familia iliyokimbia huwa imekipoteza.

Mfano ni mama aliyekimbia kutoka upande wa Nyunzu. Ni mfano tu, lakini njia anayopita inajulikana kambini. Mtoto wake wa kiume alianza kupata madoa akiwa na miezi mitano. Yalikuwa ya kahawia iliyokolea kuliko ngozi yake, mengine bapa, mengine yameinuka kidogo, makubwa kama punje ya mahindi, mengi zaidi kifuani na mgongoni. Muuguzi wa kijijini alikuwa ameanza kumfuatilia. Kwenye fishi aliandika tarehe, akaandika kwamba madoa yanavimba mtoto akiogeshwa, akaandika pia jina la dawa ya kikohozi iliyomfanya mtoto avimbe uso na kutapika. Fishi hiyo ilihifadhiwa pale fishi zote zinapohifadhiwa, imechomekwa kwenye miti ya paa, mbali na panya na mvua. Siku ya kukimbia mama alibeba mtoto, sufuria, kitenge cha pili na mkeka. Nani anakumbuka paa siku kama hiyo?

Huko Kalemie alipewa dawa ya upele, ile ya majimaji ya benzili benzoati inayopakwa mwili mzima. Kwa upele ni dawa nzuri. Kwa mtoto huyu kila doa liliamka. "Munganga, dawa hii inamchoma mtoto," mama alisema aliporudi. Akajibiwa kwamba upele ndivyo ulivyo, apake tena. Nyanya wa hema la jirani, mtu mwenye moyo mzuri, alisema hapo kuna mkono wa mtu, akaleta majani ya kuogea na akamsugua mtoto mwenyewe. Ikawa mbaya zaidi. Baada ya hapo lilipita neno kwamba huenda ni mpox, na akina mama wengine wakawa wanawaita watoto wao kila yule mdogo anapotambaa kuwakaribia. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alianza upya kana kwamba mtoto amezaliwa jana, kwa sababu karatasi haikuwepo.

Na lile ambalo hakuna aliyemfanyia mtoto kwa makusudi linachukua dakika tano. Muuguzi anachagua doa moja dogo. Anachukua kijiti cha kubanisha ulimi, au ncha butu ya kifuniko cha kalamu, anasugua doa hilo mara tano hivi kwa nguvu ya kadiri, kisha anasubiri. Doa likivimba, likiinuka na kuanza kuwasha ndani ya dakika chache, huku ngozi safi ya pembeni imebaki ilivyokuwa, hiyo ni alama ya Darier. Imepewa jina la Jean Darier, mganga wa ngozi wa Ufaransa. Kwa mtoto mwenye madoa ya namna hii, ni alama inayosema mengi kuliko vipimo vingi vya gharama. Isipojitokeza, muuguzi asiishie hapo, apeleke swali kwa daktari.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi havilisemi kwa sauti. Picha zake nyingi ni za ngozi nyeupe, na maelezo yanasema doa "linakuwa jekundu". Kwa mtoto wa Kalemie wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Kinachoonekana ni uvimbe, na uvimbe unashikwa kwa kidole kabla ya kuonwa kwa jicho. Muuguzi apapase doa kabla ya kulisugua na baada ya kulisugua, dirishani penye mwanga. Anayengoja wekundu atamrudisha mama na dawa ya upele mara ya tatu.

Jaribio hilo lina mipaka yake. Lifanywe kwa doa dogo, mara moja, na mtu wa afya. Lisifanywe kwenye uvimbe mkubwa uliosimama peke yake, wala kwa mtoto ambaye ngozi yake yote imekuwa nene au ina malengelenge. Kwa watoto wa namna hiyo kusugua kunaweza kumwaga kemikali nyingi kwa mara moja, uso ukawaka moto, mtoto akatapika, msukumo wa damu ukashuka. Na mama asilirudie kila jioni ili kuwaonyesha wageni.

Kinachotokea chini ya ngozi ni hiki. Mwili una walinzi waliotawanyika kwenye ngozi, tumboni, kwenye njia ya pumzi, mahali pote ambapo vitu vya nje hugusa vya ndani. Ni seli za masti. Kila moja imejaa punje ndogo ndogo, na ndani ya punje hizo mna histamini na kemikali nyingine. Minyoo ikiingia, sumu ya nyuki ikipenya, walinzi wanamwaga punje zao, mishipa inapanuka, majimaji yanatoka, pana kuvimba na kuwasha. Ni kazi nzuri kwa kadiri yake. Kwa mtoto mwenye mastositosi walinzi wamezidi, wamejikusanya mahali pamoja kama umati sokoni, nao ni wepesi wa kushtuka. Doa la kahawia ndilo umati wenyewe. Ukiligusa kwa nguvu, umati unalipuka.

Kwa watoto wengi chanzo ni badiliko katika jeni iitwayo KIT ndani ya seli hizo zenyewe. Badiliko hilo hutokea mtoto anapojengeka tumboni, na kwa kawaida halikutoka kwa baba wala kwa mama. Haliambukizi. Mtoto anaweza kulala mkeka mmoja na ndugu zake, kula sahani moja nao, kuvaa nguo zao. Wanaotafuta mkono wa mtu hawataupata hapa.

Historia yake ni ya kusikitisha kidogo, na inafanana na ile ya fishi. Mwaka 1869 daktari wa London, Edward Nettleship, aliandika katika jarida la waganga wa Uingereza habari za mtoto wa kike wa miaka miwili mwenye madoa ya kahawia yanayovimba na kuwasha. Aliuita aina adimu ya mabaka ya mwasho, na alichoweza kufanya kilikuwa kuangalia na kuandika. (Baadaye Nettleship alijulikana zaidi kwa magonjwa ya macho, na kwa utafiti wake juu ya watu wenye ualbino.) Mwaka 1878 daktari mwingine wa London, Alfred Sangster, aliupa ugonjwa jina ambalo waganga bado wanalitumia, utikaria pigmentosa, yaani mabaka ya mwasho yenye rangi. Mwaka huo huo, huko Leipzig nchini Ujerumani, kijana wa miaka 24 aitwaye Paul Ehrlich alikuwa akitia rangi vipande vya nyama chini ya hadubini kwa ajili ya shahada yake. Akaona seli zilizoshiba punje, akadhani zimekula sana, akaziita kwa neno la Kijerumani la kunonepesha mifugo. Hapo ndipo lilipotoka neno "masti". Madoa yalikuwa yameandikwa London na seli zimeandikwa Leipzig, lakini karatasi hizo mbili hazikukutana hadi mwaka 1887, pale Paul Gerson Unna wa Hamburg alipotazama ndani ya doa na kuzikuta seli za Ehrlich zimejaa. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu yule mtoto wa London.

Mganga wa Kalemie hana haja ya kungoja hivyo. Akishaona madoa na alama ya Darier, kazi yake inayofuata ni kutenganisha. Upele huwasha zaidi usiku, hukaa kati ya vidole, kwenye viganja vya mikono na makwapani, na kwa kawaida mtu mwingine nyumbani anao. Doa la ukoma hupoteza hisia, mtoto haoni ukimgusa kwa pamba, wakati doa la masti lina hisia kupita kiasi. Surua huja na homa, kikohozi na macho mekundu, inapita ndani ya siku chache. Vipele vya mpox huja na homa, vinajaa maji kisha usaha, vinakauka na kuanguka. Doa la mastositosi liko pale pale mwezi huu na mwezi ujao, mtoto anacheza, ananyonya, anaongeza uzito. Swali bora la kumwuliza mama ni hili: "Doa hili lilikuwa hapa hapa kabla hamjakimbia?" Akisema ndiyo, upele na mpox vinasogea nyuma.

Halafu tumbo. Kwa watoto wachache seli hizo huzidi pia ndani ya mwili: kwenye uboho wa mifupa, ini na bandama. Mwaka 1949 daktari Ellis alionyesha jambo hilo baada ya kuuchunguza mwili wa mtoto wa mwaka mmoja aliyefariki. Vitabu vinasema ukikuta bandama kubwa, mpeleke mtoto kwa uchunguzi zaidi. Lakini vitabu hivyo viliandikwa mahali ambapo bandama kubwa ni kitu cha ajabu. Kando ya ziwa Tanganyika bandama kubwa ya mtoto mara nyingi ni malaria, na inafaa malaria ipimwe na kutibiwa kwanza, kisha tumbo lishikwe tena baada ya majuma kadhaa. Bandama isiyorudi, tezi zilizovimba, kuharisha kusikokwisha, mtoto asiyekua, au damu yenye hesabu isiyoeleweka: hapo safari ya hospitali kuu haikwepeki.

Kipimo cha damu cha triptasi, ambacho huonyesha wingi wa seli hizo mwilini, si cha kituo cha afya, na mtoto mwenye madoa ya ngozi tu, anayekua vizuri, hahitaji kusafirishwa kwa ajili yake. Kipande cha ngozi kikikatwa na kupelekwa kwenye maabara inayosoma nyama, rangi mojawapo inayofichua seli za masti ni Giemsa. Mafundi wa maabara wa Tanganyika wanaijua Giemsa, ndiyo ile ile wanayomwaga kila siku juu ya tone la damu kutafuta vimelea vya malaria. Kukata na kuandaa nyama ni ufundi mwingine, ila rangi haipaswi kumtisha mtu.

Baada ya jina kupatikana, nusu kubwa ya tiba ni kujua kinachowaamsha walinzi, na hapo maisha ya kambini yana mambo yake. Turubai mchana linakuwa tanuru. Joto ni kichochezi kikubwa, na badiliko la ghafla pia, kama mtoto aliyetoka kwenye joto hilo kumwagiwa maji ya baridi ya ziwa. Aogeshwe asubuhi au jioni, maji ya vuguvugu, kwa kiganja cha mkono, bila sponji ya nyavu wala majani ya kukwaruza, kisha akaushwe kwa kubonyezwa na kitenge laini. Nguo ya kubana na kamba ya kiunoni zinasugua. Homa, kilio kirefu na meno yanayoota navyo huamsha. Nyuki na nyigu ni hatari ya pekee.

Dawa ndizo zinazodai umakini kuliko yote, hasa zile zinazouzwa sokoni bila karatasi, mbili mbili katika kipande cha gazeti. Kodeini, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kikohozi, na morfini zinaweza kuzichokoza seli za masti moja kwa moja. Aspirini haifai kwa watoto wadogo hata bila ugonjwa huu. Ibuprofeni na ndugu zake huwadhuru baadhi na huwaacha wengine salama, kwa hiyo anayewahi kuitumia bila shida si lazima akatazwe, na ambaye hajawahi asianzishiwe nyumbani. Kwa homa, parasetamoli kwa kawaida inavumiliwa. Mtoto akihitaji upasuaji, hata wa ngiri, anayempa usingizi aambiwe kabla, si mezani, kwa kuwa baadhi ya dawa za usingizi na za kulegeza misuli ni vichochezi.

Chakula kinazungumzwa kuliko kinavyostahili. Mara tu neno "histamini" linapotajwa, mtu atasema mtoto asile samaki, asile mayai, asile nyanya, asile karanga. Katika kambi ambamo mzani wa utapiamlo ni jambo la kila wiki, orodha ya marufuku inaweza kumuumiza mtoto kuliko madoa yake. Kanuni ya busara ni kuondoa kile tu ambacho mama ameona, zaidi ya mara moja, kikimletea mtoto shida. Kuhusu ndakala kuna ukweli mmoja: ni wa ukoo wa sadini, na samaki wa ukoo huo wakiachwa kwenye joto kabla ya kukaushwa wanaweza kujaa histamini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mtoto huyu apewe ndakala waliokaushwa mapema na kukauka vizuri. Wale wenye harufu kali na wanaowasha ulimi waachwe, na kwa kweli waachwe na kila mtu.

Dawa ya kila siku ni ya kupunguza nguvu ya histamini. Setirizini na loratadini ni nzuri kwa sababu hazilazi mtoto sana. Kipimo chake hutegemea umri na uzito, na muuguzi ndiye anayekipanga. Klorofeniramini, inayopatikana kwa urahisi zaidi, inasaidia pia ila inasinzisha. Prometazini isitumiwe kwa mtoto chini ya miaka miwili, inaweza kuzima pumzi. Tumbo likiuma au kuharisha kukizidi, daktari anaweza kuongeza dawa ya kundi la pili, kama famotidini, na dawa ya kromoglikati pale inapopatikana. Mafuta ya kupaka yenye steroidi hutuliza doa moja gumu. Kupakwa mwili mzima kwa miezi ni kosa linaloonekana sana, na ngozi ndiyo inayolipa. Mtoto asiye na mwasho wala shida nyingine anaweza kukaa bila dawa yoyote. Wazazi wengi hawalipendi jibu hilo, lakini ni jibu sahihi.

Kinachoua katika ugonjwa huu, na ni mara chache, ni tufani: walinzi wa mwili mzima wanapomwaga punje zao kwa pamoja. Ni ile ile inayompata mtoto asiye na doa hata moja aliyedungwa penisilini ambayo mwili wake unaikataa, au aliyeumwa na nyigu. Waganga wanaiita anafilaksia. Dalili huja ndani ya dakika: midomo na macho kuvimba, sauti kukwaruza, pumzi kupiga mluzi, kutapika kwa kurudia, mtoto kulegea, mikono kuwa ya baridi. Mabaka yanaweza kuwepo au yasiwepo.

Hapo dawa ni moja, adrenalini, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya OMS. Ni ile ya miligramu 1 kwa mililita 1, inadungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, hata juu ya nguo ikibidi. Kiasi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto. Mtoto wa kilo 10 anapata mililita 0.1, wa kilo 20 anapata 0.2, na kisizidi 0.5. Kwa kiasi kidogo hivyo inafaa sirinji ya mililita 1 yenye mistari midogo. Kwa sirinji kubwa mkono unakosea. Asipopata nafuu, inarudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Mtoto alazwe chali, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida aachwe akae. Asisimamishwe ghafla wala kutembezwa. Haidrokotizoni na dawa za mwasho zinaweza kufuata baadaye. Kuzitanguliza huku ampuli ya adrenalini iko kabatini ni kupoteza dakika ambazo mtoto hana. Baadhi ya wauguzi wanaiogopa adrenalini kwa sababu wamefundishwa kwamba inagonga moyo. Kwenye msuli wa paja, kwa kipimo hiki, hofu hiyo haina msingi wa kumwacha mtoto afe. Baada ya nafuu bado abaki akiangaliwa kwa saa kadhaa, maana tufani huweza kurudi.

Kambini gari halipo, na usiku pikipiki inatafutwa. Kwa hiyo familia yenye mtoto wa aina hii ijue mapema, mchana, ni kituo gani kilicho karibu kinachofanya kazi usiku, na iwe imeongea na muuguzi wake kabla ya siku ya shida. Wahamasishaji wa afya wa mtaa, wale wanaopita hema kwa hema wakati wa kipindupindu, wanaweza kuweka jina la mtoto huyo kwenye daftari lao, kwa ruhusa ya mama.

Fishi ile ya paani haitarudi, lakini ya pili inaweza kuandikwa, nayo haihitaji zaidi ya nusu ukurasa. Iwe na jina la mtoto, mwezi aliozaliwa, na uzito wa mwisho. Iwe na neno la Kifaransa ambalo daktari yeyote wa Kongo atalisoma, mastocytose cutanée, ili asianze tena na upele. Iseme alama ya Darier ilionekana lini. Itaje dawa iliyomdhuru kwa jina lake, na kama jina halijulikani, rangi ya chupa na dukani iliponunuliwa. Itaje kinachomvumilia. Mwisho, kiasi cha adrenalini kwa uzito wake, kikisahihishwa kila anapopimwa. Mama asiyesoma aisomewe mara tatu nne hadi aweze kuisema kwa moyo, kwa sababu karatasi inalowa na maneno ya kichwani yanabaki. Karatasi yenyewe ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo, isipande paani. Picha yake ikae kwenye simu ya ndugu mwingine, ikiwezekana anayeishi mbali. Waliofika kutoka upande wa Fizi na Uvira, kama waliofika kabla yao kutoka Nyunzu na Manono, wanajua kwamba mtu anaweza kukimbia zaidi ya mara moja.

Kuhusu chanjo, swali ambalo akina mama huuliza wakiwa tayari wamesimama mlangoni: mtoto huyu achanjwe. Surua imeua watoto wengi sana Kongo, na madoa haya hayamzuii mtoto kupata chanjo yake ya miezi tisa wala zile za kabla. Mwenye madoa mengi sana au aliyewahi kupata tufani akae kituoni nusu saa baada ya kudungwa, akiwa karibu na ampuli, ndipo aende nyumbani.